Mume wangu ananiacha kila mlima, na Septemba tunakwenda Ufaransa

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Tanga, naishi Hamburg kwa miaka mingi sasa. Kazi yangu ni kutunza wazee. Watoto wameshakua, wa mwisho yuko chuoni. Mume wangu aliambiwa na daktari apunguze uzito, akanunua baiskeli, na tangu hapo ukumbi wa nyumba yetu umegeuka gereji. Amepungua kweli, namshukuru Mungu. Shida ni kwamba sasa na mimi natakiwa niende.

Septemba hii tunakwenda kusini mwa Ufaransa kwa wiki nzima, baiskeli kila siku. Tuko watu wanane: sisi wawili, shemeji mmoja ambaye ni rafiki yake tangu shuleni pamoja na mkewe, na Wajerumani wanne wa kazini kwa mume wangu. Tunaanzia Cavaillon, tunazunguka vijiji vya Luberon, yaani Gordes, Roussillon na Bonnieux, tunapita Apt, tunalala Sault, na mwishoni wanataka kupanda Mont Ventoux kutokea Bédoin. Kuna gari la kukodi la kubebea mizigo, tutaliendesha kwa zamu. Pesa zote zimeshalipwa.

Mei tulikwenda milima ya Harz, hapa Ujerumani, kujipima. Mlima wa kwanza tu, wakapotea. Nikapanda peke yangu, koo limekauka, viganja vimekufa ganzi, mara naendesha, mara nasukuma. Nilipofika juu nikawakuta wamekaa kwenye kiukuta cha mawe, wameshakula, wameshapigana picha. Hata mguu sijashusha chini, mmoja akasema, "Haya, kafika, twende!" Wakapanda, wakaondoka. Ikawa hivyo siku nzima. Mke wa shemeji alikuwa mbele yangu kidogo, naye nilimwona akisukuma, ila yeye hasemi kitu. Shemeji akanitania kwamba Ufaransa wameshanitengea kiti kwenye gari la mizigo. Watu wakacheka, na mume wangu akacheka. Usiku hotelini akaniambia nijitahidi, nisimwaibishe mbele ya wenzake wa kazini.

Baiskeli ninayotumia ni ile yake ya zamani, ya mbio. Yeye kanunua mpya. Nilipoipeleka kubadilisha breki, fundi alihesabu meno ya gia, akasema mbele ile ndogo ina meno 39 na nyuma ile kubwa kabisa ina 25. Akaniuliza naipeleka wapi. Nikamwambia milimani. Akatikisa kichwa. Sikuelewa, nikalipa nikaondoka.

Nimewaza mambo matatu. Nijitoe, pesa iende na maji. Au nikodi baiskeli ya umeme, lakini mume wangu anasema ile ni pikipiki na watu watacheka. Au ninyamaze tu niende nikateseke. Nisaidie.

Na mengine madogo: natumia dawa ya presha, kidonge kimoja asubuhi. Navaa hijabu. Siku moja kwenye ratiba ni ya kuonja mvinyo, sijui nitakaa wapi. Na nasikia chakula cha kule nguruwe yuko kila sahani.

Mkia wa Msafara, Hamburg

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze kwa fundi, maana yule bwana alikupa jibu la nusu ya barua yako, ila alikupa kwa kichwa badala ya mdomo.

Meno 39 mbele na 25 nyuma ni gia ya kijana wa mashindano. Ukizungusha pedali mara moja, baiskeli inasogea mita tatu na robo hivi. Baiskeli nyingi zinazouzwa siku hizi kwa ajili ya milima huwa na 34 mbele na 34 au zaidi nyuma, na hapo mzunguko mmoja unakusogeza mita mbili na kidogo. Sasa chukua mwendo wa kilomita 7 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu wa kawaida kwenye mwinuko mkali. Kwa baiskeli yako utazungusha miguu mara 35 tu kwa dakika. Kwa ile nyingine ni mara 55. Mlima ni uleule, mwendo ni uleule, lakini wewe ndiye unayepanda ngazi za ghorofa mbilimbili na ndoo ya maji kichwani. Goti haliwezi kuvumilia hivyo kutwa nzima, na pumzi ndiyo kabisa.

Kabla hujasema neno lolote kwa mumeo, nenda ukumbini ukahesabu meno ya baiskeli yake mpya. Nina hakika kubwa utakuta nyuma kuna sahani ya meno pana kuliko yako. Mtu aliyejinunulia gia nyepesi, akakuachia nzito, kisha akakuambia ujitahidi, anahitaji kuonyeshwa hizo namba mbili zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Usigombe. Mwonyeshe tu.

Halafu viganja kufa ganzi. Mumeo ni mrefu kuliko wewe? Baiskeli ya mbio iliyokatwa kwa kimo chake inakulazimisha unyooshe mikono na kulalia usukani, uzito wote unashukia viganjani. Kushusha kiti hakutatui, kwa sababu tatizo ni urefu wa fremu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: baiskeli hiyo isiende Ufaransa. Unaweza kumuuliza fundi kama inawezekana kuibadilishia gia za mbele na nyuma, na kama kile kikono kinachohamisha mnyororo kitaweza sahani kubwa, lakini utalipa na fremu itabaki kubwa vilevile. Kodi kulekule. Luberon inaishi kwa waendesha baiskeli, maduka ya kukodisha yapo, ya kawaida na ya umeme. Weka nafasi mapema, uwaandikie urefu wako, na uulize waziwazi idadi ya meno. Mtoto wa Tanga, mji wa baiskeli, asiambiwe hajui kuendesha kwa sababu ya kitu cha kubadilishwa.

Sasa tuje kwenye kundi.

Umejiita mkia wa msafara, na kwenye barabara ya tambarare mkiani ndipo mahali pabaya kuliko pote. Watu wanane wakifuatana, wa mbele akipunguza kidogo kwenye kona na kuongeza tena, hatua ile inakua kadiri inavyorudi nyuma. Wa nane anafunga breki kabisa, kisha analazimika kukimbiza ili azibe pengo. Kona hamsini kwa siku, mbio fupi hamsini, na zote amezifanya yeye peke yake, aliye dhaifu kuliko wote. Ndiyo maana waendeshaji wenye akili humweka mtu wa polepole nafasi ya pili au ya tatu, nyuma ya mgongo mpana unaokata upepo. Hapo anapumzika huku anakwenda, na anayeongoza anamsikia anavyohema, hivyo anajua mwendo ukipita kiasi. Mwenye nguvu ndiye anayekaa nyuma. Wamwombe Shemeji, maana inaonekana ana pumzi za ziada za kufanyia utani.

Mlimani mambo ni tofauti. Mwendo ukishuka hivyo, kujificha nyuma ya mwenzako hakusaidii sana, na kumlazimisha mwepesi apande kwa mwendo wako ni kumchosha bure. Hapo kila mtu apande kivyake, mkutane juu. Hilo la kuachwa mlimani usiwalaumu. Kosa lao ni lile la kiukuta cha mawe. Walio mbele walipumzika robo saa, wewe aliyechoka kuliko wote ukapumzika sufuri, na mlima wa pili ukauanza na madeni ya wa kwanza. Ufike jioni ukoje kama si hoi? Kanuni ni moja na ni fupi: mapumziko yanaanza kuhesabiwa anapofika wa mwisho. Dakika kumi, kula, kunywa, kuvaa koti, kisha yeye ndiye anayesema twende. Na kwenye kila njia panda mtu mmoja anabaki kusubiri mpaka wote wapite, kwa sababu vijia vya kule vinagawanyika katikati ya mizabibu na kibao unaweza kukipita bila kukiona.

Wajerumani hao wanne hawajui kwamba wamekukosea. Hakuna aliyewaambia. Umekaa nao kuliko mimi, unajua kwamba mtu akiwapa jambo waziwazi hawanuni, wanaliandika. Lakini kabla ya kwenda kwao, zungumza na mke wa Shemeji. Yule mwanamke alisukuma baiskeli mbele ya macho yako akanyamaza kwa sababu alidhani yuko peke yake. Mkiwa wawili mnaoomba kanuni moja, ombi linakuwa la kundi, halibaki lawama ya mke wa mtu.

Mumeo nimemweka kando makusudi, kwa sababu yeye ndiye barua yenyewe.

Baiskeli imempa mwili mpya, na wanaume tukipata mwili mpya uzeeni tunataka uonekane. Namwelewa. Lakini neno "usiniaibishe" ni zito, na limesemwa usiku, wewe ukiwa umechoka, baada ya yeye kucheka pamoja na wanaokucheka. Sikushauri ulimeze. Wala sikushauri umrudishie palepale kwenye mteremko wa Gordes, mbele ya wenzake wa kazini. Mkiwa nyumbani, mmeshakula, simu ziko mbali, mwambie maneno mawili tu: kwamba kicheko chake kiliuma kuliko utani wa Shemeji, na kwamba unataka kujua ni siku zipi ataendesha na wewe. Usiseme "uwe na mimi wiki nzima", hilo atalikataa na atakuwa na haki kidogo, maana kupanda mlima mrefu chini ya mwendo wake nako kunachosha. Mwombe asubuhi, mchana aende na wenzake. Au siku moja kwako, siku moja kwao. Akikubali, mmeshapona. Akikataa hata asubuhi moja, hapo tatizo si baiskeli tena. Niandikie upya, bila habari za gia.

Nchi yenyewe haina ubaya unaoufikiria. Vijiji vya Luberon vilijengwa juu ya vilima enzi ambazo watu walihofia kuvamiwa, kwa hiyo kila kitu kizuri, chakula, kivuli, kitanda, kiko juu, na mtalipia kila mlo kwa kupanda. Ila vipando ni vifupi. Bonde lililo katikati ni tambarare, na ndani yake mna njia ya baiskeli ya Calavon, iliyowekwa pale ilipopita reli ya zamani kuelekea Apt. Treni haipendi mlima, kwa hiyo na wewe hutaukuta. Njia hiyo inapita karibu na Pont Julien, daraja la Warumi lililojengwa takriban miaka 3 kabla ya Kristo, ambalo magari yalilipita mpaka mwaka 2005 na sasa limebaki la waenda kwa miguu na baiskeli. Siku ukijisikia vibaya, wao wapande vijiji vya Lacoste na Ménerbes, wewe na mwenzako mfuate bonde, mkutane Apt. Mkiangukia Jumamosi, soko la Apt litawatosha.

Lavenda ya kwenye picha, Septemba hamtaikuta, inakuwa imeshavunwa. Mtakuta zabibu. Matrekta yanatoka mashambani yamejaa, yanaacha matope na maganda kwenye kona, na kona yenye maganda ya zabibu inateleza vibaya. Kwenye mteremko usiminye breki mfululizo. Minya, achia, minya, na umalize kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Barabara za kule mnaruhusiwa kwenda wawili sambamba, ila gari likitaka kupita mjipange mmoja nyuma ya mwenzake. Na taarabu masikioni usiweke hata ukiachwa peke yako: kuendesha baiskeli na visikizi ni faini ya yuro 135.

Ventoux sasa. Kutokea Bédoin ni kilomita 21, na unapanda mita 1,600 hivi. Zile za kwanza ni za kudanganya, mizabibu na micheri, hadi kona ya Saint-Estève. Pale unaingia msituni na mwinuko unakwenda asilimia 9 na 10, yaani kila mita 100 unapanda 9 au 10, kilomita baada ya kilomita bila pa kupumulia, mpaka mkahawa wa Chalet Reynard. Halafu zinabaki kilomita 6 za mawe meupe matupu na upepo hadi kileleni, mita 1,910 hivi. Kwa mtu wa Hamburg mwenye kidonge cha presha, hiyo njia mimi siibariki.

Lakini mnalala Sault, na hapo ndipo ratiba yenu imekubeba bila wenyewe kujua. Kutoka Sault kuna barabara nyingine, kilomita 26, inayopanda kwa wastani wa asilimia nne na ushee, kupitia mashamba ya lavenda kisha msitu, na inakuja kuungana na ile ya Bédoin palepale Chalet Reynard. Hivyo fanyeni hivi. Wenye nguvu waondoke alfajiri, washuke bonde la Nesque, barabara iliyochongwa ubavuni mwa jabali, mpaka Villes-sur-Auzon, wavuke Bédoin, wapande msitu wao. Hiyo peke yake itawamaliza kelele. Wewe, mke wa Shemeji na yeyote mwenye busara mwondoke Sault kwa nafasi zenu. Gari la mizigo likae Chalet Reynard na maji, chakula na makoti. Huenda mkafika nyinyi kwanza, mkawangoja mmekaa. Wakifika wapeni dakika zao kumi, msiwafanyie walichowafanyia.

Zile kilomita 6 za mwisho mnazipanda pamoja, au unakunywa chai ukawangoja. Amua ukiwa pale, kwa kuangalia upepo. Makoti usiyaache hata Bédoin kukiwa na joto la nyuzi 30. Juu kunaweza kuwa chini ya 20, na upepo wa mistral ukivuma unahisi baridi zaidi, hasa kwenye mteremko ukiwa na jasho. Mwaka 2016 waandaaji wa Tour de France walilazimika kumaliza mbio za siku hiyo pale Chalet Reynard kwa sababu kilele hakikufaa kwa upepo. Ndiyo siku ileile Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza baiskeli chini ya mwendeshaji Mkenya David Kinjah kule Kikuyu, alipogongana na pikipiki katikati ya umati, baiskeli ikavunjika, akakimbia kwa miguu mlimani akiwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza mbio. Waamuzi wakamwachia jezi yake, na mwisho akashinda Tour. Kwa hiyo yeyote atakayekucheka ukishuka kusukuma, mpe jina hilo.

Karibu na kilele, upande wa kulia unapopanda, kuna jiwe la kumbukumbu la mwendesha baiskeli Mwingereza Tom Simpson, aliyekufa pale tarehe 13 Julai 1967 akiwa na miaka 29. Joto kali, vidonge vya kuongeza nguvu, na kukataa kusimama. Sikutishi. Nataka mumeo na Shemeji walisome.

Na baiskeli ya umeme? Huko Ulaya, ile inayosaidia mguu mpaka kilomita 25 kwa saa na mota isiyozidi wati 250 inahesabiwa kisheria kuwa baiskeli. Pikipiki gani inayogoma usipopiga pedali? Lakini usiikodi ili kuwafunga midomo, maana midomo haitafunga. Na ujue kwamba kwenye tambarare, wenzako wakipita 25, mota inanyamaza na unabaki unasukuma chuma kizito. Faida yake ni mlimani, na hapo pia uitumie kwa akili: ukiweka msaada wa juu kabisa tangu chini ya Ventoux, betri inaweza kukuaga kabla ya kilele. Anza na msaada mdogo.

Kipimo nitakachokupa ni hiki. Nenda Blankenese kwenye ule mlima wa Waseberg, wanaoupanda kwenye mashindano ya Hamburg, na baiskeli ya kuazima yenye gia nyepesi. Ni mfupi lakini mkali. Mkifika katikati ya Julai ukaweza kuupanda mara tatu kwa kupumzika katikati, bila kushuka, kodi ya kawaida. Usipoweza, kodi ya umeme kwa wiki nzima na usijadiliane na mtu. Siku nyingine fuata mto Elbe dhidi ya upepo kwa saa nzima bila kuacha kupiga pedali; upepo ndio mlima wa nchi tambarare. Mwendo wako sahihi ni ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata.

Presha: mwone daktari kabla, umwambie waziwazi kwamba ni milima na ni siku kadhaa mfululizo. Baadhi ya dawa hizo huzuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo saa ya mkononi itakudanganya, sikiliza pumzi. Dawa zikae mfukoni mwako, si kwenye gari. Kadi yako ya bima, ukiigeuza nyuma, ndiyo kadi ya Ulaya. Dharura ni 112.

Hijabu: chagua ile nyembamba ya michezo, isiyo na pini, helmeti ikae imara juu yake. Gauni refu hapana, mnyororo hauna adabu. Suruali ndefu ya kubana na shati pana la kuishia mapajani. Na suruali ya baiskeli yenye sponji huvaliwa bila chupi ndani, la sivyo utachubuka siku ya kwanza. Hili lilipaswa likufikie kupitia kwa shangazi yako, lakini aliyeandikiwa barua ni mimi.

Siku ya mvinyo, wewe na mwenzako nendeni Roussillon mkatembee ile njia ya machimbo ya udongo mwekundu, viatu viwe vya zamani. Wenzenu wakumbushwe kwamba Ufaransa kiwango cha pombe cha dereva wa gari kinamhusu na mwenye baiskeli.

Chakula: mikahawa mingi ya vijijini inahudumia saa sita hadi saa nane mchana, ukichelewa utakula hewa. Maneno ya kukwepa nguruwe ni porc, jambon na lardons. Hayo ya mwisho hufichwa mpaka kwenye saladi. Samaki, mayai, jibini la mbuzi la Banon, na matikiti ya Cavaillon kama bado yapo. Chupa za maji jaza mbili kila kijiji, na bomba lililoandikwa non potable, yaani maji yasiyofaa kunywa, usiliguse.

Kula kabla hujasikia njaa, kitu kidogo kila nusu saa. Tende zinafaa, kashata za nazi zinafaa kuliko vibomba vya sukari wanavyouza madukani. Pika za kutosha na uzifungie mafungu mawili, la kwanza la kundi, la pili ulifiche mpaka Sault, maana hao Wajerumani wakishazionja pale Cavaillon hakuna itakayofika Ventoux.

Mjomba